Mama Yangu Juu ya Fisi

Mume wangu Method alikuwa karani wa ushirika hapa Bariadi mpaka wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia na malori yao. Ushirika ukafa, yeye akabaki na kalamu. Ndipo akaanza vitabu vya katuni. Anatunga hadithi na maneno, mchoraji wa Mwanza anachora, vinauzwa magulioni.

Kazi hiyo aliipenda kwa sababu ya katuni moja ya Kifaransa aliyoachiwa na padri. Kifaransa hajui hata salamu, lakini alinifungulia kurasa akanisimulia mwanzo mpaka mwisho. "Picha zinasema zenyewe," alijisifu. Mimi nisiyekanyaga darasa nilifurahi, maana kwa kitabu kile tulikuwa sawa.

Hadithi zilizopendwa na watu nilimpa mimi. Jina langu halimo. Hilo nililimeza.

Kisha akataka ya mama yangu, Ng'washi. Baba alipofariki kule Sapiwi, mashemeji zake walimwita mama mchawi kwa ajili ya macho yake mekundu, macho ya moshi wa jikoni. Kijiji kikakaa, kikaona hana kosa, akaachiwa mji wake. Method hakuweza kumuuliza mwenyewe, kwani mkwe haketi na mkwewe. Nikauliza mimi, nikamletea yote, hata kovu la shavuni. Aliniahidi kwamba kitabu kitamsafisha mama kabisa.

Kilifika Sapiwi kabla yangu. Katikati kulikuwa na picha ya ukurasa mzima: mama na kovu lake, amepanda fisi usiku. Method anasema ile ni ndoto ya shemeji mwongo, imeandikwa pale juu. Wangapi Sapiwi wanasoma? Ukurasa ulichanwa, ukabandikwa mlangoni kwake. Halafu mashemeji wakaezua nyumba. Mama akaja kwangu na kigoda na kuku mmoja.

Nilimsubiri Method amalize kula.

"Mama Gloria, mimi ni mwandishi," alisema. "Sikuchora."

"Basi nenda gulioni Sapiwi ukawasomee ulichoandika. Mama aketi pale wamwone."

"Niketi na mkwe wangu mbele ya gulio zima? Watanicheka."

"Kuandika juu yake hukuona aibu, Baba Gloria. Kile cha Kifaransa ulikielewa bila kusoma neno. Na wao wamekielewa chako."

Alinawa mikono, akatoka. Sapiwi hajaenda mpaka leo.

Sasa mama anaishi kwa mkwewe, jambo ambalo kwetu mtu mzima hulionea haya mpaka kaburini. Anakula jikoni ili wasikutane. Wateja wanafika hapa wakiulizia kile cha fisi, maana ndicho kinachotoka kuliko vyote, na Method huwatolea huku akitabasamu. Mama akisikia hodi hangoji kuambiwa. Ananyanyua kigoda chake, anazunguka nyuma ya nyumba, anaketi shavu lenye kovu likiwa upande wa ukuta.