Ruka Huyo

Mimi na kaka yangu ni wa baba mmoja, mfanyabiashara wa ng'ombe hapa Garissa. Mama yake kaka ni Msomali wa Wajir. Mama yangu alitoka kwa wakulima wa kando ya mto Tana, watu wanaoitwa jareer, wenye nywele ngumu, na neno hilo halisemwi kwa heshima. Alipofariki nikalelewa na mama yake kaka yangu. Tulikula sahani moja, na mtu akinitania nywele shuleni, kaka yangu ndiye aliyemshika shati. Kwa hiyo aliponijia na simu akitaka nimtafutie mke kwenye mtandao wa wachumba, nilifurahi kwelikweli.

Alihitaji msaada, simsingizii. Ana kazi nzuri ya ofisi na sura anayo, lakini akiandika ujumbe utadhani anauza mbuzi. Nikamwandikia maelezo mazuri, nikaweka picha ya Idi tuliyopiga pamoja. Kisha tukaanza kupitia picha za wasichana, yeye amejilaza kwenye mkeka, mimi namwonyesha.

"Huyu ni mwalimu, yuko Kotile. Ana macho mazuri."

"Ruka huyo."

"Kwa nini?"

"Abaayo, si unaona uso? Hata hijabu haifichi. Hizo sura za jareer ruka zote." Akaona nimemgeukia. "Si wewe bana. Wewe ni abaayo, dada yangu."

Basi nikaruka. Niliwaruka wasichana wanaofanana nami, mmoja baada ya mwingine, nikijiambia kila mtu ana anachokipenda. Kesho yake nikakuta ile picha ya Idi imekatwa, amebaki peke yake. Ati wasichana wangedhani mimi ni mke wake. Hilo nalo nililimeza.

Msichana mmoja wa Diff, upande wa Wajir, alijibu. Kila alichoandikiwa nilikiandika mimi, kaka yangu akisoma na kucheka kama mtu aliyeletewa habari za jirani. Msichana alikuwa mcheshi, ana jibu kwa kila utani wangu, nami nikampenda kabla kaka yangu hajampenda. Nilishajiona nakaa naye barazani tukimsengenya mume wake.

Wakati wa kwenda kwao ukafika. Kwetu shangazi na dada za kijana huenda kumwona msichana na watu wake, nami nilishafukiza dera langu uunsi, ubani wa Kisomali. Kaka yangu akaja jikoni, akasimama mlangoni.

"Abaayo, wewe baki. Wakikuona wataanza kuuliza damu yetu. Hii kitu ikiharibika utafurahi?"

Wakaenda bila mimi. Harusi nayo ikafanyiwa kule kule Diff, bila mimi. Nililia kwa hasira, maana maneno yaliyompata yule msichana yalikuwa yangu, na uso wangu ndio ulioonekana wa kuyaharibu. Hata hivyo nilijipa moyo. Mke akishaletwa nyumbani, nikasema, kaka yangu atanijulisha kwake tu, atafanya nini tena?

Siku waliyofika nilipika wali na nyama ya mbuzi tangu asubuhi. Nikaingia na sinia, nikamkuta bibi harusi amekaa karibu na kaka yangu, mzuri kuliko picha zake. Nikamsalimia kwa Kisomali. Akaniangalia usoni, akanijibu kwa Kiswahili, lugha tunayowasemesha watu wa nje.

"Asante, dada. Leta maji ya kunawa."

Nikamtazama kaka yangu, nikamngoja aseme. Alikuwa anatazama wali. Mkewe akamgeukia, akamwambia kwa Kisomali, tena bila kupunguza sauti:

"Huyu wenu wa jikoni anajua kupika. Mmekaa naye siku nyingi?"

"Siku nyingi," akasema kaka yangu. "Mama alimchukua akiwa mdogo. Hana watu."