Fundi Najua na Feni Zisizogusana

Jirani yangu wa gereji tunamwita Fundi Najua. Miaka ishirini amefungua klachi, akadhani amefungua dunia nzima. Ukianza kumweleza jambo, hujafika katikati: "Najua!" Kichwa kigumu huyo, acha tu.

Mdogo wake wa kike ni mkunga. Mguu wa kushoto umepooza tangu utotoni, hauwezi kukanyaga klachi, ndiyo maana alijinyima hadi akanunua gari la otomatiki. Bila gari hilo, kazini hafiki. Sasa likaanza uvivu: injini inalia, gari linajikokota. Akampelekea kaka yake. Ampelekee nani tena?

Mimi nauza oili mlango wa pili. Nikamwambia, "Fundi, pima oili ya gia kwanza. Kati ya injini na gia kuna bakuli la chuma, na ndani yake feni mbili zinatazamana. Moja inazungushwa na injini, inamrushia mwenzake oili, na mwenzake anazunguka. Hazigusani. Ndiyo maana ukisimama kwenye taa injini haizimi."

"Gari lisukumwe na oili? Kwani tunakaanga?"

Akalikata lile bakuli la chuma kwa grainda, akachungulia. "Si nilisema! Zimeachana!" Nilimsihi jamani, nilimsihi. Akaniambia nikauze makopo yangu. Akavaa miwani, akazichomelea zile feni zikawa kitu kimoja, akafunga huku akipiga mluzi.

Mkunga akaja na sare yake. Akawasha, injini ikanguruma vizuri. Fundi akavimba kifua utadhani bwana harusi. Dada akatia gia. Gari likaruka kama mbuzi, likavaa benchi la vyuma, likazima. Akawasha tena, akakanyaga breki kwa nguvu, akatia gia: likazima. Mara ya tatu kitu kikakatika ndani, kaa! Hapo gari halikutikisika tena.

"Kaka, oili ulipima?"

Fundi akajifuta mikono, akajifuta tena. "Hizi gari zenu za kisasa ni mbovu," akasema. Nilitamani nimzabe kofi.

Asubuhi iliyofuata mkunga alipita mbele ya gereji kwa miguu, akiukokota ule mguu, jasho limeshaloanisha kola ya sare, na hospitali bado kilomita tatu.

"Shikamoo, kaka."

Fundi aliingia chini ya gari lililokuwa karibu. Mdogo wake akasubiri kidogo, akaendelea na safari.