Mwalimu wa Nusu

Sijapata kuona wanaume waoga kama wale wa jimu moja ya Kanyenye. Mtu anabeba vyuma mabegani mpaka nondo inapinda, anapumua kama fahali, halafu anakunja magoti kidogo tu, kama aliyetaka kukaa akaona kiti kimelowa, na kuinuka akipiga kelele. Wenzake makofi. Ebo! Makofi ya nini? Vifua vya kutisha, miguu ya kuku.

Mimi nilikwenda pale na shida yangu. Bodaboda ilinimwaga barabara ya Sikonge, nikavunjika mguu, na walipolikata hogo, ile plasta ngumu, hospitalini paja lilikuwa limenywea. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Nilikuwa siwezi kushuka wala kuinuka peke yangu, ikabidi mama yangu mzazi, na uzee wake, ahamie kwangu anishike mikono kila nilipokwenda haja. Mwanamke mzima na watoto wangu! Niliona aibu mpaka nikawa nakunywa maji kwa kujipimia.

Nikamweleza mwalimu wa jimu kwamba nataka kuchuchumaa na kuinuka mwenyewe. Akacheka. "Dada, ukishuka sana magoti yamekwisha. Nusu inatosha. We ongeza uzito tu." Nikamwamini, mjinga mimi. Miezi miwili ya nusu. Vyuma vikaongezeka, nami nikapigiwa makofi, nikavimba kichwa. Chooni, nikipita pale pa nusu, mguu unatetemeka: "Mama, nishike."

Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alinipima mapaja yote mawili, kisha akaniambia nimwonyeshe ninavyoshuka. Akatikisa kichwa. "Nyama za makalio na za ndani ya paja zinafanya kazi hasa ukiwa chini kule. Wewe hufiki. Zitakuaje?" Akaniondolea vyuma vyote, nibaki na nondo tupu: nishuke taratibu, kila wiki chini zaidi kidogo, ilimradi goti haliumi. Nikarudi jimu na nondo tupu. Wale mabwana wakanicheka. Nikawasonya, nikashuka.

Ilichukua muda. Jumamosi moja asubuhi nikamwambia mama abaki jikoni. Nikachuchumaa. Nikainuka, bila kushika hata ukuta. Nilipotoka nikamkuta mlangoni, machozi yanamtoka.

"Afadhali, mwanangu," akasema. "Mgongo ulikuwa umeniisha. Nilikuwa naona haya kukwambia."

Miezi miwili mizima nilikuwa nachekelea makofi ya wapumbavu, na aliyekuwa anainua mzigo ni mama.