Siku Niliyokuwa Sodiamu

Naona aibu, lakini nitasema. Nafundisha kemia kidato cha tatu hapa Vwawa, na mkuu wa shule alishanionya kwamba darasa halinielewi.

Juzi nilipanda mezani kwa hatua moja. "Mimi ni sodiamu ya chumvi, nina chaji chanya! Nyie ni maji. Mgongo ni oksijeni yenye chaji hasi, mikono ni haidrojeni. Mtanizungukaje?"

Wakanizunguka haraka, wote wakanipa mgongo, mabega yakitikisika kwa kicheko. Sawasawa kabisa! Mkuu alikuwa akipita dirishani, nikamwita kwa shangwe.

"Mama, njoo uone, leo wameelewa!"

Akaingia, akanitazama, akaziba mdomo.

"Mwalimu, hawa wanakusitiri tu. Suruali yako imepasuka katikati."