Motokaa Niliyoishusha Ikanikwamisha Njia ya Ukweni

Makosa ni yangu. Msimlaumu fundi, ingawa na yeye ana lake. Mimi ndiye niliyeharibu, na nimelikalia jambo hili mpaka limenichoma. Leo nalitoa, mnicheke mkitaka.

Nauza nguo hapa mjini Kisii, mimi mwana wa Kiislamu, na miaka ile baada ya vita vikuu vya pili nilikuwa na motokaa. Motokaa, bwana! Ilikuwa kuukuu, nimeinunua kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao, lakini ilikuwa inanguruma na watu wanageuka.

Ila ilikuwa imeenda juu mno. Motokaa mpya zilizokuwa zikija kutoka Kisumu zilikaa chini chini, za kupendeza. Yangu ungedhani imekunja suruali inataka kuvuka mto. Pale barazani tunapokunywa kahawa, wenzangu hawakunipa nafasi. "Bwana mkubwa, tuletee ngazi tukupe mkono!" Wakacheka, nami nikacheka nao, lakini roho iliniuma kweli kweli.

Nikaenda kwa Sefu, fundi, rafiki yangu wa tangu utotoni. Nikamwuliza, "Hii haiwezi kukaa chini kama zile?"

"Mbona rahisi!" akasema. Mwanamume huyu hajawahi kusema neno "haiwezekani" maishani mwake. Springi za motokaa ile zilikuwa vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Sefu akavifungua, akavipunguza mbele na nyuma, akarudisha vilivyobaki. Motokaa ikashuka, ikatulia. Lo! Nilizunguka nayo mjini kutwa, mkono nje ya dirisha, namsalimia hata nisiyemjua.

Wakati huo mke wangu Kemunto alikuwa kwao Gesima. Alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, mamake akimlea. Arobaini ilipokwisha nikaitwa niwachukue, na habari ikaja kwamba mama mkwe mwenyewe atamleta mjukuu mpaka kwangu. Ndugu yangu, hilo lilikuwa jambo kubwa! Mama yule tangu mwanzo hakutaka bintiye aolewe na mtu wa mjini asiye na ng'ombe wala shamba. Siku atakayokanyaga kwangu ndiyo siku nitakayokuwa mkwe wa kweli.

Sasa elewa. Wagusii, watu wa kwao Kemunto, wana heshima yao inayoitwa chinsoni. Mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawakai karibu, hawatazamani machoni. Kuonana miili, hilo hata halitajwi. Kupanda motokaa moja tu kulikuwa kuomba mengi, akakubali kwa ajili ya mjukuu. Nami kwa adabu zangu nikatundika shuka katikati, viti vya mbele na vya nyuma visionane. Nikavaa kanzu nyeupe, nikapita Keroka, nikafika.

Kemunto akaitazama motokaa. "Baba Rashidi, imefanywa nini? Mbona imekaa kama ng'ombe anayetaka kuzaa?"

"Ndiyo mtindo wa sasa," nikamjibu.

"Mtindo huo unaijua njia ya kwetu?"

Nikamwambia aniachie mambo ya motokaa. Maneno hayo ningeweza kuyameza leo, ningeyameza.

Mbele tukaketi mimi na shemeji zangu wawili. Nyuma ya shuka, mama mkwe, Kemunto na mtoto, pamoja na ndizi, unga wa wimbi na majogoo wa zawadi. Motokaa ikazidi kushuka, matairi yakaanza kusugua bodi. Njia ilikuwa imechimbwa na malori pande zote mbili, katikati tuta limeota majani. Hatukufika mbali. Tumbo la motokaa likapanda tuta, likakaa. Magurudumu yakawa yanazunguka bure.

Tukashuka wote. Mama mkwe akaenda kusimama pembeni na mtoto, ametugeuzia mgongo kwa heshima. Tukasukuma, wapi! Nikasema nitaingia chini nichimbe ule udongo. Ingekuwa na urefu wake wa zamani ningeingia kama mtu anayeingia kitandani. Sasa nilijipenyeza kwa tumbo, nikachimba, halafu nikashindwa kutoka.

"Nivuteni!" nikapiga kelele.

Shemeji zangu ni wakulima. Walinishika miguu wakavuta kama wanang'oa kisiki. Mimi nikatoka. Kanzu ikanaswa kwenye vyuma, ikabaki chini ya motokaa, na msuli niliojifunga kiunoni ukaifuata.

Nami nikapiga ukelele. Mama mkwe akadhani nimekatika mguu, akageuka.

"Yaya!" akasema. Kwa lugha yao, hapana. Neno moja tu. Akajifunika uso kwa leso, akashika njia ya kurudi kwake na mtoto wangu mgongoni. Kemunto alinitupia khanga yake, akanitazama, nusu analia nusu anacheka, akamfuata mamake.

Jambo lenyewe lilikuwa na dawa. Unaenda kwa wazee, unasema kilichotokea, mbuzi anachinjwa, chinsoni inatengenezwa. Lakini nani aseme? Mama mkwe hawezi kulitaja. Shemeji zangu waliona haya. Nilibaki mimi, nami nikanyamaza! Motokaa niliirudishia vyuma vyake wiki ile ile, ila mdomo niliufunga. Barazani nilisema mke wangu bado anapumzika kwao. Nikampumzisha hivyo, mvua zikaja, zikaenda, zikaja tena, hata miaka miwili ikapita.

Mwishowe baba mdogo wa Kemunto akaja dukani. "Mwanangu, kwani kosa ni nini? Kule kila nikiuliza watu wanaangalia chini." Nikamweleza. Mzee alicheka mpaka akakalia majora ya vitambaa. "Na ni kwa hilo tu umemkosa mtoto wako?" Juma lile lile mbuzi akachinjwa, mama mkwe akamleta mjukuu pamoja na Kemunto, akaketi uani kwangu, akala.

Rashidi aliondoka njia ile shingo yake haijakaza vizuri. Alirudi anakimbia. Nilipomwita alijificha nyuma ya mamake. Jioni akamshika Kemunto mkono, akamvuta mlangoni. "Mama, twende nyumbani." Nyumbani! Nami nimesimama pale, nyumbani kwangu. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia, siwafichi.

Kwa hiyo wewe unayetaka kushusha motokaa, tembea kwanza kwa miguu njia ya kwa wakwe zako. Wakikucheka barazani, waache wacheke, kahawa ikiisha nao wataenda makwao. Na ukishaharibu, sema upesi, hata kama ulikuwa uchi.