Chenye Nyuzi au Chenye Shuka

Usiku ule marehemu mume wangu aliponijia ndotoni ulikuwa wa mwaka wa michembe. Mahindi yaliungua shambani, Tabora nzima ikala viazi vikavu asubuhi, viazi vikavu jioni, hata mbwa akawa ananusa sahani na kwenda zake. Kwa hiyo mtu asiniambie niliota kwa shibe.

Mimi sikusoma, lakini mjukuu wangu Milembe nimemlea kwa mikono hii, na Milembe anaunda magitaa ya umeme. Si ya kiwandani. Anachonga mwenyewe, bandani kwangu, kuanzia ubao mpaka nyaya. Siku ya kwanza kuliona moja nilimwambia, "Hili halina tumbo. Sauti itakaa wapi?" Akasema, "Inapita kwenye waya, Bibi." Akalipiga, kuku wote wakahama uani. Nikajua huyu ni damu yangu.

Ila ubao wa mninga alioununua mwaka ule ulikuwa mbichi. Mpiga solo wa bendi moja ya mjini akamrudishia gitaa, shingo imepinda kama ndizi. Akamwambia amchongee jingine lililonyooka, la sivyo atamtangaza kwa bendi zote. Milembe hakulia. Aliingia chumbani kwangu, akagonga ubao wa kichwani wa kitanda changu kwa kidole, kama mtu anayechagua tikiti maji, akatega sikio.

"Bibi, huu mninga umekauka kuliko wote hapa mjini."

"Najua. Babu yako aliuchonga kabla hajanioa."

"Nipe."

"Kitanda sikitoi. Nakilalia mwenyewe."

"Sasa mimi nichonge nini, michembe?"

"Chonga. Ile haipindi."

Akatoka bila kuniaga. Nikalala na hasira yangu, na ndipo marehemu wangu, Baba Kulwa, akaja.

Hakubisha hodi; nyumba ni yake. Kavaa ile suruali ya bendi, pana chini, ya siku zake za kupiga gitaa, lakini uso ni wa uzeeni, mdomo umebonyea, meno ya mbele hana. Kaketi mkekani ananitazama. Nikamwambia michembe ipo. Hakutaka. Halafu hatupo tena chumbani, tupo bandani kwa Milembe, na sikumbuki kutembea. Kitanda changu kiko juu ya meza ya kuchongea, nyuzi zimevutwa kutoka kichwani mpaka miguuni. Nimelala juu yake, nyuzi zinanikata mgongo. Tena nimesimama mlangoni, najitazama nilivyolala.

Baba Kulwa anagonga ubao kwa kidole. Anatega sikio.

"Mama Kulwa, nipe ki'anda changu."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, na mpaka leo sijanyooka. Gitaa yeye aliliita kinanda, kama wazee wake. Na tangu meno yamtoke, kinanda na kitanda kinywani mwake vilikuwa kitu kimoja. Alipokuwa hai aliwahi kuniomba kinanda, mimi nikamtandikia shuka. Akajilaza tu, akasema hicho nacho kinafaa. Tulicheka mpaka majirani wakaja kuuliza. Lakini kinanda chake mchwa walishakimaliza. Sasa anataka kipi?

"Sema vizuri," namwambia. "Chenye nyuzi au chenye shuka?"

"Ki'anda."

"Baba Kulwa, usinichezee."

Anatabasamu, pengo lote nje. Anashika upande wa kichwani, anavuta. Kitanda kinakwenda, na kinaimba, wimbo ninaoujua ila maneno yamenitoka. Banda limekuwa uwanja wa harusi yetu, halafu ni njia ya makaburini, halafu uwanja tena, watu wanacheza, na mimi niko juu nabebwa. Nataka kushuka, miguu siioni. Mlango unakaribia. Nje ni kweupe, hakuna mti wala nyumba.

"Ki'anda changu," anasema, polepole, kama anayebembeleza mtoto.

Nikaamka. Kumekucha. Ubao wa kichwani ulikuwa bado unanguruma, au ni moyo wangu, sijui.

Milembe alikuwa uani ananawa uso. Nikamwita, nikamhadithia yote.

"Alisema kinanda," akadakia.

"Wewe hukuwepo. Na una haja yako."

"Na wewe Bibi unaogopa."

Simwogopi mtu niliyempikia. Lakini nilikaa nikafikiri. Kama anataka kinanda, apewe, atulie. Kama anataka kitanda, basi anakitaka na mimi nikiwa juu yake, maana mtu yule hakupenda kulala peke yake.

"Lete nyundo," nikamwambia Milembe. "Ng'oa ubao wa kichwani. Mchongee babu yako kinanda chake. Huyo mpiga solo wako anamshikia tu."

Milembe akanitazama kama aliyesikia vibaya. Halafu akaung'oa, taratibu, hakuupasua hata ukingo, akaukumbatia. Kitanda kikabaki kama kondoo aliyenyolewa. Nikapanda, nikaketi katikati, nikashika mbao za ubavuni kwa mikono yote miwili, nikageukia mlango usio na mtu.

"Chako umepata," nikasema.

"Unaongea na nani, Bibi?"

Yeye sikumjibu. Nilikuwa namjibu mwingine.

"Kitanda sikitoi. Nakilalia mwenyewe."