Kisanduku cha Saba Katika Mchoro wa Kagure

Jumatatu moja mteja alinipigia simu kunishukuru kwa programu ambayo, kwa mujibu wa mchoro wangu, ilikuwa haijaanza kuandikwa.

Nilimwambia amekosea namba.

Mimi ni zao la shule ya bweni. Nililala kwa kengele, nikala kwa kengele, nikatubu kwa kengele.

Kwa hiyo nilipofungua ofisi ya kutengeneza programu hapa Nyeri, nilichora jinsi kazi itakavyokwenda: hatua sita, kila moja ikishukia inayofuata kama maporomoko ya maji. Hakuna kurudi nyuma. Sahihi yangu chini ya kila hatua.

Mchoro huo niliutia fremu.

Ndiyo, fremu.

Mteja mwenyewe alikuwa Sadiyo, mfanyabiashara wa mifugo wa Nanyuki. Programu yake huwakumbusha wafugaji siku za chanjo. Mkataba wake ulikuwa unaisha Ijumaa, na bila yeye ofisi ingefungwa, watu wanne tukatafute kazi kwingine.

Nikamwita Kagure, mwandishi wetu mkuu wa programu.

"Programu hiyo imetoka wapi?"

"Mkuu, iko na wiki tatu ikifanya kazi."

"Nani alitia sahihi?"

"Wewe. Utatia Alhamisi hii. Karatasi ziko tayari."

Nikaandika barua ya kumfukuza. Aya tano, bila kosa hata la nukta.

Ijumaa, kabla sijamkabidhi, Sadiyo akaingia.

"Kabla niweke sahihi, nionyesheni mnafanyanga kazi namna gani."

Nilimweleza mchoro wangu kwa dakika arobaini. Kwa fimbo.

"Bwana Kinuthia, hii si nyinyi. Nikiwaambia shida Jumanne, Alhamisi imetengenezwa. Hapa ati ningoje wiki sita? Ng'ombe si watakuwa wamekufa, wallahi!"

Akafunga mkoba wake.

Kagure, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatoa karatasi iliyokunjwa. Kwa miezi mitatu alikuwa amechora, si tunavyopaswa kufanya kazi, bali tunavyoifanya. Sadiyo anasema. Kipande kidogo kinaandikwa. Mfugaji mmoja anakijaribu. Kosa linarekebishwa. Mishale ikazunguka tena, kama mbuzi kwenye jiwe la chumvi.

Sadiyo akaifuata kwa kidole. Kwenye kisanduku cha saba, kidole kikasimama.

"Na hii? 'Kumtuliza mkuu. Siku mbili.'"

Kagure akatazama dari.

"Ni... ni hatua, mama."

"Kila mwezi?"

"Kila wiki."

Sadiyo alicheka hadi akavua miwani.

"Toeni hiyo, niweke sahihi."

Mimi, niliyefundisha kwamba hatua haiondolewi bila sababu iliyoandikwa, nikauliza sababu ni ipi.

Kagure akanisogezea kalamu. Kwa adabu.

Nikaichukua, nikakifuta kisanduku kwa mkono wangu. Sadiyo akatia sahihi. Barua yangu niliichana baadaye, peke yangu, chooni.

Ndugu msomaji, ukitaka kuchora kazi za watu, keti kwanza uzitazame. Ukikuta mahali zinapokwama, uliza nani amekaa hapo. Uliza taratibu. Huenda ukajibiwa.